Pikipiki inavuta upande? Pima kwa kamba kabla hujakubali kwamba chesesi imepinda

Kuna maneno nayasikia hapa Uyole, Mbeya, karibu kila wiki, "fundi, hii pikipiki inanivuta kushoto". Nikimuuliza mtu umeshaipeleka wapi, anakwambia kuna fundi kaiangalia kwa macho tu, kachuchumaa mbele, kafumba jicho moja kama anapiga manati, alafu katoa hukumu, chesesi imepinda hiyo tafuta hela. Sasa mimi sikatai, chesesi, yani ile mifupa ya chuma ya pikipiki, zinapinda na nimeziona nyingi, ila kwa hesabu ya kichwa changu mwenyewe pikipiki nyingi zinazoletwa na hiyo hukumu chesesi yake ni nzima kabisa, tatizo liko kwenye shokapu za mbele zimejisokota kwenye vibano vyake, vile vinavyozishika chini ya usukani, au tairi la nyuma halijakaa sawa, vitu ambavyo unamaliza kwa spana na nusu saa.

Juzi kati alikuja dogo mmoja wa bodaboda anatokea Igawilo na Boxer yake. Alikuwa anashuka kutoka Isyonje na gunia la viazi, lumbesa lililojazwa kupita kiasi siyo gunia lile la kawaida, ukungu ule wa asubuhi hauoni hata mita kumi, akaingia kwenye mtaro. Yeye mzima, viazi vizima, pikipiki inaonekana nzima ila akinyoosha njia usukani uko upande, yani tairi linaangalia Tukuyu usukani unaangalia Mbeya mjini. Keshaambiwa abadilishe chesesi. Nikamwambia kaa hapo kwanza kunywa chai, tutapima. Nitaitumia pikipiki yake kama mfano maana ilikuwa na makosa mawili kwa pamoja na ndo hali ya kawaida ukiikuta.

Kabla hujagusa kamba toa kwanza vitu vidogo vinavyodanganya. Upepo wa tairi zote mbili, tairi laini linavuta kama chesesi mbovu. Tairi lenyewe kama limelika upande mmoja au limevimba basi hapo hujapima kitu. Nyanyua tairi la mbele juu, weka kreti au tofali chini ya injini, shika shokapu zote mbili kule chini karibu na ekseli alafu vuta mbele sukuma nyuma. Kama kuna mchezo unaosikika kok kok, gololi za shingo, pale usukani unapozungukia kwenye chesesi, zimelegea au zimekwisha. Alafu geuza usukani taratibu kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia, ukifika katikati ukahisi kama kuna kishimo unaingia na kutulia, hizo gololi zimechimba sahani zake na pikipiki itakuwa inayumba hata kama chesesi imetoka kiwandani jana. Nyuma nako shika tairi sukuma kushoto kulia, ikicheza angalia inachezea wapi, kwenye beringi za tairi au kwenye bushi za swingamu, ule uma wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Hizi za kwetu zinazobeba viazi na parachichi kila siku bushi za swingamu zinakufa mapema sana na watu hawaziangaliagi mpaka cheni ianze kutoka. Tengeneza hayo kwanza, maana ukipima pikipiki yenye bushi mbovu, leo utapata jibu hili kesho utapata lile.

Vifaa vya kupimia ni vya kawaida tu. Kamba ya fundi mwashi ile nyembamba, kama mita sita hivi, tofali mbili, rula ya mwanafunzi, futi kamba, chaki, na kipande cha kioo cha dirisha ukubwa wa kiganja kikubwa, nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu pale Mwanjelwa wanavitupa, ila sugua kingo zake kwenye tofali kwanza usije ukajikata. Ukipata ile rula ndefu ya aluminiamu ambayo mafundi wanachapia plasta, ile ya mita mbili au tatu, ni nzuri kuliko kamba maana haipepei. Pimamaji pia, kama huna simu nyingi sahivi zina apu yake.

Sasa kamba. Weka pikipiki kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, siyo kwenye vumbi, simamisha kwenye stendi kubwa. Funga katikati ya kamba nyuma ya tairi la nyuma, izungushie kwenye tairi mara moja, alafu leta ncha moja kila upande kuelekea mbele. Kimo cha kamba kiwe juu kadri inavyowezekana ila chini ya vitu vitakavyoigusa, hapo eksozi na stendi ndo wasumbufu wakubwa, wakati mwingine inabidi ufungue eksozi kabisa na ni bora ufungue kuliko kamba ikapinda kwenye eksozi alafu ukaja kulaumu chesesi. Ncha mbili zifunge kwenye tofali mbele ya tairi la mbele, mbali kidogo, kama hatua moja. Kimo cha kamba kiwe kilekile nyuma na mbele.

Hapa ndo watu wengi wanakosea kwahiyo soma pole pole. Sogeza tofali la kushoto kuelekea ndani mpaka kamba iguse ukuta wa tairi la nyuma sehemu mbili, ukuta wa nyuma na ukuta wa mbele wa tairi hilohilo. Iguse tu isibonyee. Ukiona imegusa nyuma na mbele bado kuna upenyo, sogeza tofali ndani kidogo zaidi, ikianza kukunjwa na ule ukuta wa mbele umezidisha, rudisha nje. Mimi natumia karatasi, napitisha kati ya kamba na tairi, ikianza kukwaruza kidogo nasimama. Fanya hivyohivyo na upande wa kulia. Ukimaliza una mistari miwili iliyonyooka inayotoka kwenye tairi la nyuma, inasema tairi la nyuma linaangalia wapi. Nyoosha tairi la mbele likae katikati ya mistari hiyo.

Kamba haitagusa tairi la mbele na wala usishtuke. Pikipiki nyingi za kazi huku zina 3.00-17 nyuma na 2.75-17 mbele, yani la nyuma ni pana kama milimita 76 na la mbele kama 70, kwahiyo ikiwa kila kitu kiko sawa utakuta upenyo wa kama milimita 3 kila upande wa tairi la mbele. Kama umeweka tairi za namba tofauti pima upana wake mwenyewe, toa, gawa kwa mbili. Pima upenyo sehemu nne: kushoto mbele, kushoto nyuma, kulia mbele, kulia nyuma, zote kwenye tairi la mbele, andika chini kwa chaki usitegemee kichwa.

Kwa yule dogo tulipata kulia kamba imegusa kabisa na bado inataka kukunjwa, kushoto upenyo karibu milimita 8. Akaniangalia. "Fundi si ndo chesesi hiyo?" Nikamwambia bado, twende nyuma kwanza.

Kwanini nyuma. Kwa sababu tairi la nyuma likikaa mshazari hata kidogo, ukifika mbele kosa limeshakuwa kubwa, ni kama bunduki, kule kwenye mtutu umekosea unywele kule kwenye shabaha umekosea mti. Na zile alama zilizochorwa kwenye swingamu za kukazia cheni msiziamini ndugu zangu, kiwanda kinagonga tu na wakati mwingine kushoto na kulia hazifanani. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya bolti inayoshika swingamu hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kushoto alafu kulia. Kama futi kamba inapinda, tumia waya mgumu, kunja ncha yake ikae kwenye bolti, weka alama ya ekseli, alafu hamia upande wa pili uone alama inaangukia wapi. Zile mbili lazima zifanane. Ya dogo upande wa kushoto ulikuwa nyuma zaidi kwa karibu milimita 1 tu, alikaza cheni mwenyewe barabarani akakaza upande mmoja. Tukalegeza nati ya ekseli, tukarekebisha vikaza cheni, tukakaza, tukachungulia cheni kwa nyuma kama inapanda kwenye sproketi bila kukatia kona. Tukarudi kwenye kamba. Kulia 3, kushoto 4. Dogo akacheka mwenyewe.

Ikitokea nyuma umeshanyoosha na bado mbele upande mmoja una upenyo mkubwa kuliko mwingine, ila mbele na nyuma ya tairi ile upenyo ni sawa, maana yake tairi mbili ziko sambamba lakini hazifuatani, moja imehamia pembeni. Hapo tena usikimbilie chesesi. Uliza kama rimu imewekwa spoku mpya hivi karibuni, kuna mafundi wakifunga spoku wanavuta rimu upande mmoja bila kujua. Zungusha tairi, pima kutoka ukingo wa rimu hadi mkono wa swingamu kushoto na kulia. Angalia pia zile bushi fupi za kwenye ekseli kama hazijabadilishwa upande, ni kosa la kijinga ila linatokea, hata mimi limenitokea na nikamzungusha mteja siku nzima. Tofauti ya milimita 2 hadi 3 kwa pikipiki ya kazi mimi simsumbui mtu. Ikianza kufika 6 huko na rimu iko sawa na bushi ziko sawa, sasa ndo naanza kuiangalia swingamu na chesesi kwa jicho baya.

Kamba imemaliza kazi yake lakini usukani wa dogo bado uko upande. Tairi limenyooka, usukani umeenda kulia. Hii ni shokapu zimejisokota kwenye vibano, moja imeenda mbele kidogo nyingine imebaki nyuma, na mara nyingi mabomba yenyewe ni mazima. Hapa ndo kioo kinafanya kazi. Futa mabomba ya shokapu yawe safi, kama yana zile raba za kuzuia vumbi zishushe chini. Laza kioo mbele ya mabomba yote mawili, chini kidogo ya kibano cha chini. Kioo kinatakiwa kilale na kugusa mabomba yote juu mpaka chini. Bonyeza kona moja moja kwa kidole, kama kinabembea, tik tik, kona mbili za mshazari zinagusa na mbili ziko hewani, shokapu haziko kwenye usawa mmoja. Kilikuwa kinabembea kama kiti kibovu cha kilabuni.

Kunyoosha kwake: weka alama kwa maka peni pale bomba linapotokea kwenye kibano cha juu ili ujue kimo chake. Legeza nati ya ekseli, legeza bolti za madigadi, legeza bolti zinazobana mabomba kwenye kibano cha chini, na zile za juu legeza robo tu zisiachie kabisa, maana uzito wa pikipiki utaisukuma chini na utashangaa imekuwa fupi. Bana tairi kwa magoti, simama mbele, shika usukani na uuvute kuelekea upande unaotakiwa, kwa nguvu lakini siyo kwa hasira. Weka kioo tena. Kikitulia, kaza ekseli kwanza, shusha tairi chini, shika breki ya mbele na ubonyeze shokapu mara tano sita zijipange zenyewe, alafu kaza kibano cha chini, kaza cha juu, madigadi mwisho. Madigadi ikikazwa kwanza itavuta shokapu na umerudi ulikotoka. Kwa dogo ilichukua mara mbili, ya kwanza kioo kiligoma kidogo.

Kama umefanya hivyo mara tatu na kioo bado kinabembea, au kinatulia ila ukibonyeza shokapu zinanata na kurudi polepole, au sili ya upande mmoja inavuja oili kila ukibadilisha, toa mabomba yenyewe uyapime. Yasafishe, laza moja moja juu ya kioo kikubwa au kaunta ya terazo iliyonyooka, viringisha taratibu kama chapati huku unachungulia mwanga chini yake. Vitabu vya Honda na wengine wengi wanaweka mwisho wa kupinda milimita 0.2. Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwahiyo ikunje mara moja, ikipita chini ya bomba bila kubanwa bomba hilo limepinda. Angalia zaidi pale lilipokuwa linaingia kibano cha chini, ndo panapopinda ukigonga kitu kwa mbele. Bomba lililopinda kidogo bila kovu linaweza kunyooshwa kwenye presi kwa mtu anayejua, ila lenye mkunjo, hata kamkunjo ka kucha, ni chuma chakavu. Na asije mtu akakushawishi kulipasha moto kwa gesi, utakuwa umelilainisha na kuua ile kromu, alafu ukashike nalo breki kwenye mteremko wa Iwambi na abiria wawili nyuma. Mabomba yamenyooka na kioo bado kinabembea? Basi kilichopinda ni kibano cha chini au shina lake linalopita kwenye shingo.

Chesesi yenyewe naiacha mwisho makusudi. Osha pikipiki kwanza, matope ya huku yanaficha dhambi nyingi. Angalia chini ya shingo, pale mabomba ya chesesi yanapoungana, kama rangi imekunjamana kama ngozi ya mzee au imepasuka kwa mstari. Ukigonga lori au mti uso kwa uso ndo shingo inasukumwa nyuma, tairi la mbele linakuwa karibu na injini kuliko kawaida, na ukikata kona usukani unakaribia tangi. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kwenda kijiweni, kuna pikipiki kumi za aina yako hapo, omba kupima kutoka ekseli ya mbele hadi bolti ya swingamu, upande mmoja alafu mwingine, linganisha na yako. Kwa chesesi iliyojisokota tumia pimamaji, bana rula fupi kwenye ubavu wa tairi la nyuma uone povu liko wapi, nenda mbele fanya vilevile tairi likiwa limenyooka. Haijalishi kama povu haliko katikati, la muhimu lifanane mbele na nyuma. Moja likilalia kushoto na lingine kulia na shokapu umeshazinyoosha, hapo kweli chesesi au swingamu imesokoteka.

Nyufa ndogo macho hayazioni. Chukua mafuta ya taa, paka pale unapotilia shaka, acha dakika kumi, futa kabisa pakauke, alafu paka unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa mafuta yaliyoingia ndani yanatoka tena na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Fanya hivyo chini ya shingo, kwenye masikio yanayoshika injini, na kwa wabeba mizigo msisahau pale shokapu za nyuma zinaposhikia juu na mabomba yanayobeba keria, nimekuta huko nyufa kwenye pikipiki ambazo hazijawahi kuanguka hata siku moja, ni lumbesa tu na matuta.

Ufa wa kwenye keria chomelea, haina shida, toa betri kwanza. Ufa au mkunjo wa kwenye shingo mimi sichomelei na sivuti kwa mnyororo na mti, ingawa nawajua wanaofanya. Kuna mzee mmoja wa Tukuyu alikasirika sana nilipomkatalia, akaniona nina maringo, akaenda kwingine, akarudi miezi mitatu baadae imeachia palepale pembeni ya kiraka, bahati alikuwa anaisukuma. Tukamtafutia chesesi nyingine. Siku anaichukua akaniambia ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuniletea mkungu wa ndizi. Ila ukibadilisha chesesi ujue na namba inabadilika, kadi inasoma namba ya zamani, kwahiyo nunua yenye karatasi zake na ukalimalize TRA kwa watu wa mapato, usikubali kusagiwa namba na kugongewa nyingine.

Ukishamaliza yote kaijaribu, barabara tambarare isiyo na magari, mwendo wa kama 30 hivi, mikono ishike kwa kulegea tu usiachie kabisa, mimi sipendi hizo za kuachia mikono. Barabara nyingi zimeinama kidogo kuelekea pembeni ili maji yatoke kwahiyo kuvuta kidogo kushoto ni kawaida, rudi njia hiyohiyo kwa katikati ujue tofauti. Dogo aliizungusha mpaka Nane Nane na kurudi, akasema imenyooka ila inaonekana nzito, nikaangalia kumbe nilikaza nati ya shingo kupita kiasi, nikarudisha kidogo ikawa nyepesi.

Baada ya siku mbili za kazi rudia kukaza bolti za vibano na ekseli, zinajilaza. Na vile vipimo vyako vya kamba, kushoto na kulia, andika kwa maka peni ndani ya saidi kava na tarehe, siku ukianguka tena utajua ilikuwaje ilipokuwa nzima.